Mkazi ni Nani?

Kwa miaka ishirini na saba tarishi wa mahakama alisimama barazani karibu kila Jumanne kutoa tangazo lile lile: "Hakimu Mkazi hayupo. Kesi zote zimeahirishwa." Kwa kuwa yeye mwenyewe hakukosa hata siku moja, watu walimbatiza Bwana Nipo.

Alikaa na mkewe katika chumba kimoja nyuma ya mahakama, ubavuni mwa nyumba kubwa ya Hakimu Mkazi, ambayo popo waliitunza vizuri. Mahakimu walikuja na kuondoka. Wote waliishi mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Ndipo ikaja barua: chumba kirudishwe ndani ya siku thelathini, kwani ua huo ni wa Hakimu Mkazi peke yake.

Nipo hakupiga kelele. Alichukua kamusi ya ofisini, ambayo kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usijifunge.

"Sikiliza, mama watoto. Hakimu, hukumu na hekima ni ndugu wa tumbo moja. Walitoka Uarabuni pamoja."

"Hekima alishukia njiani," mkewe akasema, akipanga nguo sandukuni.

"Lakini mkazi ni wetu. Limetokana na kukaa. Sasa hapa anakaa nani?"

"Sisi na popo."

"Haya basi!"

Akaandika pingamizi la kurasa mbili. Likapangwa kusikilizwa mbele ya Hakimu Mkazi.

"Kesi ya ngedere umempelekea nyani," mkewe akasema, akaongeza na sufuria sandukuni.

Jumanne ikafika, na hakimu naye akafika, jambo lililowashtua hata mawakili. Alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Akasoma kurasa zote mbili.

"Kwa hiyo, mzee wangu, unadai cheo changu ni uongo?"

"Nusu tu, mheshimiwa. Uhakimu unao."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Akiamua kuwa mkazi ni anayekaa, itabidi ahamie kwa popo; akiamua vinginevyo, atakuwa ameandika kwa mkono wake kwamba hakai. Akatazama saa.

"Jambo hili ni zito, linataka utafiti. Mpaka nitoe uamuzi, kila mtu abaki alipo. Tukutane Jumanne ijayo."

Jumanne iliyofuata Bwana Nipo alisimama barazani, akaliita jina lake mwenyewe mara tatu, akaitika, kisha akatangaza, kwa masikitiko yanayostahili, kwamba Hakimu Mkazi hayupo.

Kule nyuma mkewe akaitoa sufuria sandukuni. Nguo aliziacha kwanza.