Samaki Waliotulia Kwenye Maji Baridi

Bwawa la mama lilikuwa kijijini Akheri, nyuma ya migomba, na maji yake yalishuka kwa mfereji kutoka Mlima Meru yakiwa baridi ya kung'ata vidole. Asubuhi ukungu ulilala juu yake, na samaki wa mapambo, wekundu na weupe, walipita chini ya ukungu huo taratibu, ungedhani unawaota. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Kila hoteli mpya mjini ilitaka samaki hao bustanini, na mama, mjane mwenye migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa, alikuwa ameanza kuwazalisha na kuwauza.

Mimi nilifanya kazi kwenye maabara ya mifugo mjini. Siku moja hoteli moja ikaniletea samaki waliokufa, matamvua yao ya kupumulia yameoza. Nikauliza walinunuliwa wapi. Kwa mama.

Nilipopanda Akheri mama alinicheka. Alisema samaki wake wanakula mkononi mwake, na kwamba msomi akikosa ugonjwa huutafuta. Kweli, hawakuwa na doa. Lakini kuna kirusi kinachojificha kwenye maji baridi; samaki hukibeba bila kuumwa, hadi maji yapate joto. Niliomba wawili, nikawapeleka kwangu Sekei, nikawaweka barazani kwenye beseni linalopigwa na jua, pamoja na mmoja mzima niliyemtoa kwingine, nione kama ataambukizwa.

Kila jioni nilikaa nao, macho yakizunguka walikozunguka, nikiomba nisione kitu. Wiki haijaisha, ute ukawajaa mwilini, macho yakazama, na yule mzima naye akaanza kuelea ubavu. Niliyatuma matamvua yao kwenye maabara kubwa. Jibu likarudi: ni kirusi.

Mama alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. Habari za hoteli hakuziuliza.

"Na wale wa mnadani?" akasema.

Mnada nilikuwa nimeusahau. Kwetu sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada: mkungu wa ndizi, kuku, mayai. Sikukuu ya mavuno mama alikuwa ametoa samaki wake wazuri kuliko wote. Watu waliwagombania, wakaenda kuwatia kwenye mabwawa yao huko chini mfereji unakopita, na tangu hapo kila mtu alimsifu. Angeweza kunyamaza. Baridi ingemtunzia siri hadi kiangazi.

Jumapili kanisani, matangazo yalipokwisha, alisimama akiwa amevaa kitenge chake kizuri. 

"Sadaka niliyomtolea Mungu ilikuwa na ugonjwa. Naomba mkawaue wale samaki. Wa kwangu nimewazika jana."

Mzee mmoja aliuliza, bila ubaya wowote, kama Mungu alikuwa ameshaipokea. Mama alijibu kwamba hajui. Kisha akaketi kando yangu, akalia waziwazi, na hakuna aliyethubutu kuanzisha wimbo.