Hodi Mtaa wa The Rocks

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mount Druitt, kitongoji cha pembezoni mwa jiji la Sydney, Australia, tulikuwa tukisema "kesho tunakwenda Sydney" kana kwamba tunakoishi ni nchi nyingine. Tulikwenda na treni, nywele zimesukwa tangu Ijumaa, magoti yamepakwa mafuta yanang'aa, viatu ni vile vya kanisani. Siku hizi wapwa zangu wanakwenda mjini na kaptula za kulalia. Wakirudi ukiwauliza wameona nini, wanakuonyesha kwenye simu nyuso zao wenyewe.

Na chakula tulikibeba. Nani alikuwa na habari ya mgahawa? Mama aliamka mapema akapika pilau, akaijaza kwenye hotpoti na kuifunga kwa kanga, halafu akatia kachumbari kwenye kopo la aiskrimu. Wenzangu mnayajua makopo yale. Ulifungua friji ukaona picha ya vanila, mate yakakutoka, ukafunua ukakuta maharage ya juzi. Behewa zima lilinukia bizari, nasi watoto tukajifanya hatujui harufu inatoka wapi.

Nilikuwa na miaka kumi, na nasema bila haya kwamba nilikuwa mkalimani wa nyumba ile. Benki, kliniki, shuleni kwa mdogo wangu Salumu, kote nilikwenda mimi. Salumu alikuwa anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza, na Mama akimwambia, "Nijibu kwa lugha niliyokuzaa nayo," anacheka. Mimi nilijibu kwa zote mbili. Ndiyo maana leo nina diploma ya hoteli, na hapa Kigoma nina nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinne, kila chumba na kiyoyozi chake. Niliijenga kwa miaka tisa ya kuhudumia wazee kule kule Sydney, mtaa wa Quakers Hill, sikuomba mtu.

Lakini ninayetaka kumkumbuka ni Mama. Wakati ule tulikuwa na mwaka mmoja na nusu Australia, na hakuna mwenyeji hata mmoja aliyewahi kumkaribisha ndani kwake. Majirani walikuwa watu wema. Walimpungia mkono, wakasimama naye kwenye kisanduku cha barua, mazungumzo yakaishia hapo. Mama aliyezoea kwetu Kigoma kuingia nyumba nne kabla ya saa sita mchana alikuwa anasema, "Nchi hii nimeiona kwa nje tu."

Jumamosi moja tulishuka Circular Quay, stesheni ya bandarini. Baba alimchukua Salumu wakalione daraja kubwa kwa karibu. Mama nami, na hotpoti yetu, tukapanda vichochoro vya The Rocks, mtaa wa kale wenye nyumba za mawe zilizobanana, hadi kwenye kanyumba kamoja kalikoachwa mlango wazi. Kibao cha mlangoni nilikisoma: makumbusho ya maisha ya zamani. Mama hakujua Kiingereza, akasimama kizingitini.

"Hodi."

Nyuma yetu watalii wakaanza kujipanga.

"Mama, tuingie tu."

"Tuingie tu kwa nani? Kwa baba yako?" Akapandisha sauti. "Hodi wenyewe."

Nikachungulia ndani, nikaomba ruhusa kwa Kiingereza. Sauti ya bibi ikajibu tuingie. Mama akavua viatu. Mzee mmoja wa Kizungu nyuma yetu akamtazama, naye akavua vyake.

Ndani mlikuwa na giza. Moto wa kuni ulikuwa unawaka, chungu cha chuma kikining'inia juu yake, na bibi wa Kizungu mwenye kofia ya kitambaa na aproni hadi miguuni alikuwa anamenya viazi. Mama akamsalimia kwa mikono miwili, kisha akaniambia nimuulize anaishi na nani hapa.

Bibi akajibu vizuri kabisa, kama alivyofundishwa kuwajibu wageni: yeye ni mjane, mumewe baharia alizama, amebaki na watoto sita. Nilijua anaigiza. Lakini mkalimani hodari haongezi wala hapunguzi, na mimi nilikuwa hodari. Nikamfikishia Mama neno kwa neno.

Mama akatazama kuni, akatazama kuta zisizo na hata swichi. "Watoto sita, na wanamwacha hivi?"

Hapo hapo akafungua ile kanga, akachukua sahani ya bibi na kuijaza pilau. Bibi akaweka kisu chini. Akaniuliza polepole kama mama yangu anaelewa kwamba yeye anajitolea tu pale, na kwamba chakula hakiruhusiwi ndani. Nikatikisa kichwa: haelewi. Akamtazama Mama, aliyesimama pekupeku na sahani mkononi, akingoja.

Basi bibi akawaomba radhi wale watalii, akafunga mlango, akatupeleka uani kwenye benchi. Tukala watatu. Bibi alirudia kachumbari mara mbili. Sasa alikuwa anazungumza habari zake za kweli: mwanawe yuko Perth, mbali, anapiga simu Krismasi. Mama akamsimulia Kigoma. Sijawahi kufanya kazi ya ukalimani ikaniendea vizuri vile.

Baba na Salumu waliporudi, hotpoti ilikuwa tupu. Wakala chipsi pale gatini, na nusu yake ikaliwa na ndege wa baharini.

Kwenye treni Mama alikuwa na furaha niliyokuwa nimeisahau. Akasema Jumamosi ijayo atampelekea bibi blanketi. Baba aiandikie serikali barua, bibi wa watu awekewe umeme. Baba akanitazama mimi. Tulipopita stesheni ya Blacktown nikamwambia Mama kila kitu: kibao, aproni, mume asiyezama.

Tukashuka Mount Druitt. Pale stesheni, akiwa na hotpoti kichwani mbele ya watu wote, akauliza, "Kwa hiyo alikuwa kazini, akafunga mlango ili ale na mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi yule ndiye mwenyeji. Blanketi nitampelekea."

Akampelekea kweli, na bibi yule akaja kwetu kula mara nyingi.

Leo wageni wangu wanaandika ujumbe kwenye simu kabla ya kufika, wanachukua funguo, wanaingia bila neno. Kijana wa juzi alikaa siku tatu sikuisikia sauti yake. Diploma yangu imetundikwa mapokezi kwenye fremu ya dhahabu, na kupokea wageni nimesomea. Lakini mlango wa mapokezi sijawahi kuufunga ili nile na mgeni, kama bibi yule.