Asumini Iliyoambiwa Imelala

Asumini ya mama haikufa kwa jua la Matrah. Iliuliwa na mjomba wangu, nduguye mama, baba mmoja mama mmoja. Nnasema wazi kwa sababu ukoo mzima mpaka leo humwita mtaalamu.

Tulipokimbia Unguja kuja Matrah, mama alibeba kipande cha shina ndani ya kanga iliyolowa. Kikashika kwenye debe, uani petu. Mimi nilikuwa nimeshaposwa, na nia ya mama ilikuwa moja tu: nisiingie kwa mume bila ya kikuba kifuani, kile kishada cha asumini ya kwetu.

Kiangazi kilipokaza, majani yakaanza kupukutika. Mjomba alikuwa amekaa nchi za theluji akisoma, misimu miwili ya baridi, akarudi na koti zito bila ya cheti. Akamzuia mama mkono wenye kopo la maji.

"Dada, usiumwagie maji. Mti umelala huo."

"Umelala vipi, na unakauka?"

"Misitu ya kule, baridi ikija, miti hupukutisha majani makusudi. Ardhi imeganda, mizizi haipati maji, jani la nini? Misonobari tu ndiyo hubaki nayo, membamba kama sindano, yana nta. Dubu hula akanenepa, akaingia pangoni akalala mpaka theluji iyayuke. Sungura hugeuka mweupe asionekane. Kila kiumbe na hila yake."

"Na hapa theluji iko wapi, mdogo wangu?"

"Shida ni shida. Ukiumwagia utauamsha kabla ya wakati."

"Kasema msomi!" wakadakia shangazi zangu. Na wao nnawataja, wamo. Mama akalitua kopo chini.

Maji tukinunua kwa mwenye punda. Kopo la asumini likahamia kwa mjomba, aliyekuwa akikoga asubuhi na jioni huku akililaani joto. Dubu huishi kwa mafuta yake mwenyewe. Huyu aliishi kwa maji yetu.

Wiki ya harusi mama alikwenda kuchuma. Tawi likavunjika ka! kama ukuni, ndani hamna ubichi hata chembe. Nikaolewa na kikuba cha mrehani mtupu.

Asubuhi yake, kwetu, mjomba kajikalia mkekani, anangoja chai.

"Usijali, dada. Joto likipungua utachipua."

Mama alikwenda kwenye debe. Akaling'oa lile shina, akalivunjavunja, akalichochea mekoni chini ya birika. Chai ilipochemka akammiminia.

"Kunywa, mdogo wangu. Mti ushaamka."