Ngamia wa Ukutani

Mimi na dada yangu tulipofungua kibanda cha maziwa ya ngamia mtaani Bulla Pesa, tulibandika mlangoni picha ya ng'ombe iliyokatwa kwenye kalenda. Alikuwa mnene ajabu, amesimama kwenye majani yanayomfika magotini. Majani hayo Isiolo hatukuwa nayo, lakini hakuna aliyelalamika.

Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikataka ukweli. Nilimpeleka fundi wa mabango hadi Gotu akamwone ngamia wa mama yetu. Akamchora ukutani pamoja na sikio lililokatwa na alama ya moto shingoni. Nilijivuna siku nzima.

Kesho yake mfugaji mmoja mzee kutoka Oldonyiro alitoa salaam, akakodolea ukuta macho.

"Huyu namjua," akasema. "Si amekauka maziwa tangu mwaka jana? Sasa nyinyi wasichana mnauza nini?"

Wateja wawili wakarudisha vikombe. Niliapa kwamba tunakamua ngamia wengine, wasiochorwa. Dada yangu alichukua chokaa akampaka ngamia wa ukutani mwili mzima. Mama alipokuja mjini kumtazama, tulimwambia amefutwa na mvua. Haikuwa imenyesha hata tone, lakini mama alikubali.