Tulioambiwa Tumekwisha Kufa

Kiangazi cha mwaka 1952, mwezi wa Julai, nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mke wa mwaka mmoja katika nyumba ya Mihayo, kijijini karibu na Kwihara, nje ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mwanangu, nakutajia mwaka na umri wangu kwa makusudi. Watu wanaopenda kutusimulia habari zetu huanza kwa kusema "zamani sana", na mtu akishasema hivyo anaweza kutia chochote ndani yake. Mimi nakupa tarehe, ili ujue kwamba hasira niliyo nayo mpaka leo ina siku yake ya kuzaliwa.

Nchi yetu ile ina mawe ambayo mgeni hawezi kuyapita bila kusimama. Yapo makubwa kama nyumba, yameketi juu ya madogo, nawe unajiuliza yamezuiwa na nini yasianguke. Lipo moja lenye ufa unaopitika kwa ubavu tu. Lipo jingine ambalo ukiligonga kwa kokoto hulia kama kengele ya kanisa iliyo mbali. Katikati ya hayo yote upo mwamba bapa, mpana kama kiwanja, uliolala karibu sawa na ardhi. Huo ndio tuliokuwa tukianikia na kupuria mtama, kwa sababu nafaka iliyopurwa juu ya mwamba haina mchanga. Pembeni mwake kuna vishimo vilivyo laini kama ndani ya bakuli, vilivyolika kwa mikono ya wanawake waliosaga hapo, mama baada ya mama.

Kila kishimo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mwanamke. Bibi arusi alipoingia kijijini, mama mkwe wake alimpeleka mwambani, akamwonyesha kishimo chake na sehemu yake ya kuanikia, akamkabidhi jiwe la mkononi, naye akasaga unga wake wa kwanza mbele ya wanawake wenzake. Tangu hapo alihesabiwa kuwa mtu wa pale. Mimi nilipelekwa na mama mkwe wangu, Mama Kalunde, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama kwa Kinyamwezi. Jirani yetu juu ya mwamba alikuwa Mama Leonsi, mjane mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi wa kugawa chumvi. Hakuna mwanamume aliyepata kutuuliza nani anasagia wapi, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyepata kusagia pale.

Huyo Leonsi alikuwa mwana wa pekee wa mama yule, na binamu wa mume wangu. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na soksi ndefu na kofia ngumu. Aliona kwamba wasafiri wanaobadili treni pale Tabora, wa Mwanza na wa Kigoma, mara nyingine hukaa mchana kutwa wakisubiri, hawana la kufanya. Basi akakodi lori, akawa anawachukua asubuhi kuwatembeza katika mawe yetu na kuwarudisha stesheni jioni. Wazo lenyewe halikuwa baya. Sitaki umdhanie mjinga. Alikuwa msimulizi hodari, na ndiyo maana alitudhuru.

Siku ya Jumatano, tarehe 9 Julai, mpishi wake aliugua, naye Leonsi akamwomba mume wangu Mihayo aniruhusu nibebe kikapu cha chakula cha wageni. Aliniambia, "Shemeji, leo utembee kwa madaha. Wageni wangu ni walimu." Nikamjibu kwamba nitatembea kama nitembeavyo nikienda kisimani, na kama walimu hawajapata kumwona mtu akitembea, basi wafundishwe hilo kwanza. Tulicheka. Tulikuwa mashemeji, na utani ulikuwa haki yetu.

Wageni walikuwa walimu sita wa shule za pwani, pamoja na mfanyabiashara wa Kihindi wa Kigoma na mkewe. Lugha ilikuwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo halikunipita neno. Asubuhi ilikuwa njema. Mke wa mfanyabiashara aligonga lile jiwe linalolia mpaka mumewe akamwomba asiyaamshe mengine. Mwalimu mmoja mnene alikwama katika ufa, wenzake wakamshauri asubiri humo humo mpaka apungue. Hata mimi, niliyeyajua mawe yale kama vyombo vya jikoni kwangu, niliyaona upya, nikajivuna kwamba watu wa mbali wanayastaajabia. Leonsi alipowaambia kwamba majitu ndiyo yaliyoyapanga, nilinyamaza. Hadithi ya majitu haimnyang'anyi mtu kitu.

Tulipofika kwenye kivuli cha mawe ambako wapagazi wa zamani walikuwa wakipumzika, Leonsi akawaambia kwamba wote waliopita na mizigo katika njia ile walikuwa wamefungwa minyororo. Ni kweli minyororo ilipita, na ni dhambi kuisahau. Lakini babu yake Mihayo, ambaye ndiye babu yake Leonsi pia, alikuwa mpagazi kwa hiari yake. Alipatana ujira kabla ya kuinua mzigo, akaenda pwani na kurudi akiimba, na katika enzi zake kijana wa Unyamwezi asiyekwenda pwani aliona haya kuposa. Leonsi aliyajua hayo yote. Alimvisha babu yake mnyororo kwa sababu aliona wageni wakitikisa vichwa kwa huzuni, na huzuni ile ilimfaa.

Kisha tukafika kwenye mwamba bapa. Siku iliyotangulia alikuwa amewaomba wanawake waondoe mtama wao kwa heshima ya wageni, nao wakakubali, maana heshima kwa mgeni hatunyimi. Walikuwa wamesimama pembeni na nyungo zao, mayu akiwa miongoni mwao, wakingoja tupite warudi kazini. Mama Leonsi hakuwapo. Alikuwa amekwenda Ipole kwenye msiba. Leonsi akavua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliye makaburini, akasema kwa sauti ya chini kwamba watu walioichimba miamba hii kwa kusaga walitoweka, na hakuna ajuaye walikokwenda, wala hakubaki hata mmoja.

Yule mwalimu mnene aliinama, akatia kidole ndani ya kishimo cha mayu, akakitoa kikiwa cheupe. "Na unga huu?" akauliza.

"Vumbi la mawe, mwalimu," akasema Leonsi.

Sikuweza tena. Nikatua kikapu, nikasema, "Si vumbi. Ni mtama wa mama mkwe wangu, ameusaga jana. Mwenyewe yule pale, mwenye ungo. Msalimieni."

Leonsi akacheka, akawaomba wanisamehe, akasema mimi ni mchukuzi tu wa kikapu na sikusoma. Basi nikaketi mahali petu, nikalishika jiwe la mayu, nikaanza kusaga, ili macho yao yawaambie kile ambacho masikio yao yamekataa. Na yeye, bila hata kumeza mate, akawaeleza kwamba hivyo ndivyo walivyoketi wale watu wa kale, na kwamba amenifundisha mwenyewe niwaonyeshe mfano. Walipiga makofi, mwanangu. Walinipigia makofi kwa ustadi wangu wa kumwigiza mtu aliyekufa, na mtu huyo ni mimi. Nimetukanwa kwa maneno mara nyingi katika umri wangu, na nimeyasahau mengi. Makofi yale sikuyasahau.

Kabla ya wiki kwisha, mwamba ulizungushiwa ua wa miiba. Leonsi alikuwa amekwenda kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akaomba apewe mahali pale, na mwanangwa akampa. Waliongea wanaume wawili, wakatazama ardhi kwa jicho la jembe: hapalimwi, hakuna shamba la mtu, basi ni pori. Hawakumwuliza mwanamke yeyote. Kwa wageni, ilibidi mahali pa watu waliotoweka pasionekane watu. Mtama wetu ukabaki umelundikwa kwenye udongo, mchwa wakiupanda kutoka chini, na kila asubuhi tuliyageuza masuke na kuona unga wa mwaka mzima ukiliwa na wadudu.

Sisi wanawake vijana tulikubaliana kuichoma ile miiba. Nilikuwa nimekwisha kuwasha kinga cha moto nilipoitwa na mayu. Hakupandisha sauti, hakuwa na desturi hiyo. Alinitazama kwanza, kisha akasema, "Ukiichoma, kesho hatutazungumza juu ya mwamba. Tutazungumza juu ya moto wako. Weka kinga chini. Hasira yako ipeleke mahali ambapo atalazimika kuijibu."

Nilikiweka chini kwa chuki. Lakini siku ya pili tuliongozana wanawake wote, na nyungo zetu mikononi, mpaka kwenye baraza la mtemi, mtawala wetu, tukaomba shauri letu lisikilizwe.

Siku ya kusikilizwa, Leonsi aliongea vizuri mno. Alisema mahali pale pamepata jina, kwamba wageni wanapaheshimu, kwamba wanawake wanaweza kupuria nyumbani juu ya sakafu ya samadi. Mwanangwa akathibitisha kwamba alimpa pori. Mayu alieleza jinsi wanavyokabidhiana vishimo. Mwanangwa akasema hayo ni mambo ya jikoni. Nikaona wazee wawili wa baraza wakitikisa vichwa kumkubali, nikahisi tunashindwa.

Ndipo mtemi akauliza, kama anayeuliza habari ya njiani tu, "Leonsi, mama yako anapuria wapi mtama wake?"

Leonsi alikohoa. Akaanza kusema kwamba mama yake ni mtu mzima sasa, hana haja ya kazi nzito. Hakumaliza. Mama Leonsi, aliyekuwa amerudi kutoka msibani na kusimuliwa kila kitu, alipita katikati ya watu, akapiga goti, akasema "Shikamoo, mtemi," akaitikiwa "Marahaba, mama."

"Napuria mwambani," akasema. "Ndipo nilipomsagia huyu uji wake wa kwanza, nimemfunga mgongoni. Sasa nasikia anawaambia wageni kwamba watu wa pale tulikwisha. Nimetoka kumzika ndugu yangu, nimekuta na mimi nimezikwa, tena bila padre."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimwumiza Leonsi kuliko hasira yangu. Akainamisha kichwa. Mama yake hakucheka. Alimgeukia, akamwuliza kwa upole, "Baba, nilikufa lini?" Mtemi akasema atashauriana na wazee, na akataja siku ya hukumu.

Kabla sijakwambia hukumu, mwanangu, pokea ninachokupa, kwa kuwa nilikilipia kwa hasira ya miaka mingi. Atakapokuja mtu kuwaonyesha wengine nchi yako, usimfukuze, wala usimwonee wivu kwa ulimi wake. Simama karibu usikilize. Akisema ulikwisha, mjibu hapo hapo, hata wakikucheka. Wakikupigia makofi badala ya kukusikia, usichome kitu. Tafuta mahali ambapo swali huulizwa na jibu hudaiwa, uende huko na watu wako, usiende peke yako. Nawe ukijaliwa elimu na ulimi mzuri, uogope kuutumia kumzika aliye hai. Mimi niliambiwa sikusoma, na lilikuwa kweli. Nilipofika miaka ishirini na mitano, nina watoto wawili, niliingia darasa la watu wazima la parokia, nikajifunza kuandika, ili habari zangu zisisimuliwe na mwingine nikiwa nimebeba kikapu chake. Na usiigawe haki ya mtu kwa sababu tu hukumwona akiitumia, mwulize kwanza. Mwanangwa yule hakuwa mwizi. Alikuwa mtu asiyeuliza, na hasara yake kwetu ilikuwa ile ile ya mwizi.

Hukumu ilitolewa siku ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 1952. Mtemi alitamka mbele ya baraza kwamba mwamba si pori, kwamba ni wa wanawake wanaousagia na watakaowakabidhi, na kwamba hakuna mwanangwa mwenye uwezo wa kuutoa. Leonsi aliruhusiwa kuendelea kuleta wageni kwa sharti kwamba awaombe ruhusa wenyewe wa mwamba, na awataje kwa majina wakiwa hai. Akaamriwa aiondoe miiba kwa mikono yake, akaiondoa alasiri ile ile, mama yake akiwa amesimama karibu akimwonyesha iliyobaki. Mtama uliosalia, ambao haukufika nusu ya mavuno, tuliupandisha mwambani kabla jua halijashuka. Mayu alichota unga mkavu kutoka kishimoni mwake, akanipaka kidogo kwenye paji la uso, akasema, "Mungu akupe uzao, akupe na sauti, na asikupitishie siku ambayo watu watakuhesabu bila kukuona." Nami nakuombea wewe maneno hayo hayo, kama nilivyoyapokea siku ile.