Malkia wa Nyumba ya Vyumba Sita

Mwalimu wetu wa Uraia alikuwa anafundisha aina za serikali. Akafika kwa mfalme wa heshima, yule anayevaa taji, anayepigiwa saluti, anayesaini kila kitu na haamui chochote. Akauliza nani ana mfano. Nikanyoosha mkono: "Bibi yangu, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikamalizia kipindi nje nimepiga magoti. Wala sikuwa natania. Nikiwa pale pale nje, magoti yananiuma, niliunda dola nzima kichwani.

Bibi alikuwa na nyumba Temeke, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo zote mtaani kwetu: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani choo na bomba la watu wote. Chumba cha mbele alikaa bibi, na mie nililala humo humo kwenye godoro la chini. Cha pili cha shangazi, dada yake baba. Vilivyobaki vya wapangaji. Nikaamua kila chumba ni jimbo linalojitawala. Ndani ya mlango wako pika unachotaka, sali unavyotaka, fungulia singeli mpaka bati litetemeke. Serikali ya shirikisho inashika yale tu yanayovuka mlango: umeme, kwa sababu mita ya luku ni moja, zamu ya kuosha choo, na ishu ya nani kaacha ndoo koridoni. Waziri Mkuu alikuwa shangazi, maana ndiye aliyekusanya kodi na ndiye aliyejua kufoka. Bunge lilikaa uani bila ratiba, Spika mie. Umeme ukiisha, kikao kimefunguliwa.

Bunge hilo lilishughulishwa zaidi na majimbo mawili. Moja la mchonga vinyago, mtu wa Kusini kama bibi, ambaye vumbi lake la mpingo lilijaa korido nzima. Jingine la mama mmoja karani aliyetoka bara, aliyelichukia vumbi lile kama vile limemtukana. Juu yao wote kulikuwa na Baraza la Juu, ambalo halikuchaguliwa na mtu: baba mkubwa anayekaa Boko, na baba mdogo anayekaa Kigamboni. Walikuja Jumapili. Mjumbe wa Kigamboni kila mara alichelewa akasingizia pantoni, hata baada ya kununua gari na kuanza kupita darajani.

Juu kabisa, kwenye kigoda chake mlangoni, bibi.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye ananiita mume wangu, mie namwambia mke wangu umechakaa, natafuta mwingine. Kwa hiyo nilipomwelezea katiba hakushangaa.

"Sasa mie kazi yangu nini, mume wangu?"

"Kukaa. Wakishaamua wanakuja kwako, unasema 'Nimeridhia', sheria inapita."

"Na nisiporidhia?"

"Mke wangu, malkia wa heshima huwa anaridhia tu."

Akacheka hadi kanga ikamdondoka begani. "Kumbe ndiyo maisha yangu yote haya," akasema, "na yana jina."

Nyumba nzima ikaudaka mchezo. Bunge lilipoamua mchonga vinyago apigie msasa nje, siyo koridoni, alikuja mwenyewe akachuchumaa mbele ya kigoda. "Shikamoo Mtukufu. Wamenifukuza." Bibi akaitikia marahaba, akajiweka sawa, akasema, "Nimeridhia," na uani wakapiga makofi. Hata yule mama karani, ambaye nilikuwaga nadhani hana meno, alicheka. Kitu ambacho sikukiandika kwenye katiba ni kwamba watu walikuwa wanajirekebisha njiani. Mtu anatoka uani na hoja kali, akifika mbele ya bibi imeshapoa, anaona haya kuisema yote.

Halafu bibi akateleza pale bombani. Hakuvunjika, goti tu likavimba, lakini Jumapili iliyofuata Baraza la Juu lilikutana chumbani kwa shangazi, mlango umefungwa. Mie ndiye niliyepeleka chai, na nikachelewa makusudi kugawa vikombe.

"Choo cha nje, sabuni kila mahali, watu baki wanapishana naye," baba mkubwa alisema. "Boko nina chumba kitupu, choo humo humo ndani. Mnataka tumwokote hapa siku moja?"

Shangazi alilia, kisha akakubali. Nilitafuta mbaya wao ni nani nikamkosa. Walikuwa wanampenda. Ila hakuna aliyesema tumuulize. Walichosema ni, "Sasa twende tukamwambie."

Wakaenda. Baba mkubwa akavua viatu, akakaa mkekani kama mtoto. Shikamoo mama, marahaba baba. Akaeleza vizuri, taratibu, mkono wake juu ya lile goti: chumba, choo, hewa safi, mjukuu atakuja kila akifunga shule. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Sijaridhia."

Halafu baba mdogo akapasuka, shangazi akafuata, na baba mkubwa akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

"Huyu mjukuu wako amekuharibu, mama! Haya Spika, katiba inasemaje? Malkia wa heshima anaweza kukataa?"

"Baba mkubwa, bibi hatanii."

Wakazidi kucheka. "Muone alivyokaza uso!"

"Nasema kweli. Hataki kwenda."

"Huyu mtoto angesoma kama anavyoigiza," shangazi akasema, "leo tungekuwa na daktari kwenye ukoo."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na sauti yenyewe ikanikatika katikati, ikatoka nyembamba, wakaona hapo ndipo nimepatia kabisa. Nilikuwa nimewachekesha watu wale tangu nianze kutembea. Sikuwa na sura nyingine ya kuwaonyesha.

Nikamtazama bibi. Alikuwa hanitazami mie, anawatazama wao. Wanawe watatu, wamekaa chumba kimoja, wanaegemeana kwa kicheko, kitu ambacho hakijatokea tangu msiba wa babu. Nikamwona anaachilia. Mabega yake yalishuka kidogo tu.

"Sawa, wanangu," akasema. "Lini?"

Siku ya kuondoka wapangaji walisimama kila mmoja kwenye mlango wake, na bibi akapita katikati akiwashika mikono, kulia na kushoto, mpaka kwenye gari. Hakuna aliyeleta mzaha. Mie nilibeba begi.

Boko kuzuri, nisiseme uongo. Kuna geti, kuna marumaru, kuna feni inayozunguka bila kelele. Nilipoenda kumtembelea nilimkuta kwenye kiti cha sofa kilichommeza, televisheni imewashwa, haangalii. Mtu hapiti mbele yake kwenda popote.

"Mume wangu," akasema, "huko wamegombea nini wiki hii?"

Nikamweleza. Mvua imemrudisha mchonga vinyago ndani, vumbi limerudi koridoni, mama karani amehamisha virago vyake vyote mpaka uani kwa hasira, kisha akavirudisha vimelowa. Nikaiga sauti zote. Akacheka kidogo.

"Nani aliamua?"

"Shangazi."

"Mh." Akakunja pembe ya kanga, akaikunjua. "Chumba changu wanakifagia?"

Chumba chake kina wapangaji wapya, mtu na mkewe, wamekipaka rangi ya kijani na kuweka pazia la maua. Mie nimehamia kwa shangazi. Kitanda kilienda Kigamboni. Godoro sijui lilienda wapi.

"Kila asubuhi," nikasema.

"Mwambie shangazi yako aanike godoro. Mvua hizi ukuta wa kichwani unashika unyevu."

"Nitamwambia, mke wangu."

"Na dirisha wasilifunge moja kwa moja. Nisije nikarudi nikakuta kunanuka."

"Hawalifungi," nikasema.