Chai Bila Sukari

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulipatwa na saratani ya titi mwaka ule ule. Yeye anaishi Goma, mimi Gisenyi. Alikuwa akivuka mpaka pale Petite Barrière kuja kwetu Rwanda, tunaongozana hospitali kutundikiwa dripu za dawa, zikatupukutisha nywele sote. Uvimbe wake ukayeyuka. Wangu ulinywea kidogo, kisha ukaanza kukua tena, na dawa ni ile ile! Nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kumtazama usoni.

Kilichoniuma zaidi ni sukari. Majirani walisema saratani inakula sukari, basi nikaiacha kabisa. Hata siku ya Idi, watu wakijilamba vidole, mimi nilikunywa chai chungu. Wifi alijimiminia sukari nusu kikombe, na ndiye aliyepona.

Nilimwambia daktari hayo kwa hasira. Akanieleza taratibu kwamba chembe za saratani ambazo dawa haikuziua zimebadilisha namna ya kupata nguvu. Mwanzo zilitegemea sana sukari, sasa zinachoma mafuta ya mwilini pia, na hilo linazisaidia kustahimili dawa. Chai yangu chungu haikuzikomoa hata kidogo. Nilielewa upesi, maana mimi ni mtu wa mpakani: kuku wakizuiwa kuvuka, tunavusha mayai. Alisema atajaribu dawa nyingine, ila hakuahidi kitu.

Alasiri ile wifi akaja kunijulia hali. Tulikuwa wanawake peke yetu ndani, mlango umefungwa, na kwetu hapo mitandio hutupwa kitandani. Yeye akabaki na wake, jasho linamtiririka.

"Vua, wifi. Joto hili!"

"Bon, niko sawa tu. Mi sisikie joto."

Mwongo mkubwa. Niliuvuta ule mtandio kwa nguvu. Nywele zilikuwa zimeota, nyeusi, laini kama za mtoto mchanga. Kichwa changu mimi kilikuwa kitupu kama kiganja.

"Sikupenda uzione, wifi," akasema, akaanza kulia.

Nilitamani kuzing'oa, wallahi. Nikamwambia amimine chai, anitilie sukari kama ya kwake. Nilikunywa yote, macho yangu hayabanduki kichwani pake. Nikamwomba Mungu dawa mpya ifanye kazi. Na kama atamwacha hai mmoja wetu tu, basi awe mimi.